Ukipunguziwa Tumbo, Utakula Nini?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wakazi na wahudumu wa afya ya jamii waliokusanyika katika ukumbi wa wadi. Tumeyachapisha kwa sababu wakazi wengi waliomba nakala.



Wengi wenu mnanijua kama yule dada wa kamera, anayeshuka nyuma ya gari la kaunti na kuandika nani kasema nini. Leo sikuja kuandika ya mtu mwingine. Nimekuja kusema yangu. Na kabla sijaanza, lieleweke jambo moja: mimi si daktari. Nilisomea uandishi wa habari. Mambo ya kitabibu nitakayoyasema nimefundishwa na madaktari na maafisa wa lishe walionihudumia. Yale ya jikoni na mezani ni yangu mwenyewe, nimeyapata kwa kukosea.

Miaka miwili na miezi michache iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito huko Nairobi. Nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.62. Presha ilikuwa juu, sukari imeanza kupanda, na magoti yalikuwa yananizuia kupanda ngazi za ofisi. Leo nina kilo 84. Najua yaliyosemwa mitaani nilipoanza kupungua. Kuna aliyesema nina ugonjwa mbaya. Kuna aliyesema nimetolewa utumbo wote. Kuna aliyesema nimerogwa. Sikumjibu yeyote.

Nimeamua kujibu leo kwa sababu mwaka huu watu wanne, kila mmoja kwa siri yake, wamenifuata ofisini. Wawili wanataka kwenda kufanyiwa, wawili wameshafanyiwa. Nilidhani wataniuliza bei au maumivu. Wote waliniuliza swali moja: "Dada, ukishapunguziwa tumbo, unakula nini?" Na mmoja wao alipokuwa akiuliza, nilimwona anashika meza ili asimame vizuri. Nitawaambia baadaye kwa nini jambo hilo lilinitia hofu.

Kinachofanywa ni nini

Upasuaji huu una aina kadhaa, lakini mbili ndizo zinazofanywa sana duniani. Ya kwanza ndiyo niliyofanyiwa mimi. Mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu, sehemu kubwa ikaondolewa, kiasi cha robo tatu au zaidi, na inayobaki huwa nyembamba kama ndizi. Utumbo hauguswi. Sehemu inayoondolewa ndiyo pia hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo hamu ya kula hupungua sana.

Ya pili, daktari hutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, kinachobeba kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, kisha hukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba. Chakula hupita njia ya mkato. Njia hii si mpya. Dkt. Edward Mason na mwenzake Chikashi Ito waliianzisha katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960, na imekuwa ikiboreshwa tangu hapo. Siku hizi hufanywa zaidi kwa matundu madogo na kamera, bila kupasua tumbo lote.

Huu si upasuaji wa urembo. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako wa mita mara urefu wako tena. Mimi nilipata karibu 45. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 inasema upasuaji unafaa kwa mtu mwenye 35 kwenda juu, na unaweza kufikiriwa kwa mwenye 30 hadi 34.9 aliye na magonjwa kama kisukari. Mwenye 27 anayetaka nguo ya harusi imtoshe hausiki hapa.

Wiki za mwanzo

Daktari wangu alinionya kuwa upasuaji ungechukua saa moja au mbili, lakini kujifunza kula upya kungechukua mwaka. Sikumwelewa. Nilidhani nimemaliza kazi siku niliyotoka hospitalini.

Utaratibu huenda kwa hatua. Siku moja au mbili za kwanza ni maji na supu iliyochujwa ikawa kama maji. Halafu, mpaka kama wiki mbili, ni vinywaji vizito kidogo: maziwa, mtindi usio na sukari, uji mwepesi uliochujwa. Kutoka hapo hadi wiki ya nne ni vyakula vilivyosagwa vikawa laini kabisa. Huku kwetu tuna bahati, kwa sababu pojo, mbaazi zilizochujwa maganda, boga, na samaki aliyechambuliwa miiba na kupondwa kwenye mchuzi wake, vyote vinafaa. Baada ya hapo, hadi kama wiki ya nane, ni vyakula laini vya kutafuna: yai, samaki, kiazi, maharagwe yaliyoiva sana. Ndipo polepole unarudi kwenye chakula cha nyumba. Ratiba hutofautiana kidogo kati ya hospitali na hospitali. Fuata uliyopewa na hospitali yako, usifuate yangu wala ya jirani.

Hatua hizo zina sababu. Ndani kuna mshono unaopona. Ukiulazimisha kwa donge la sima wiki ya pili, unaucheza mshono huo. Ukipata maumivu makali ya tumbo, homa, au moyo kwenda mbio katika wiki hizo za mwanzo, usingoje kesho. Nenda hospitali.

Na kuna kanuni nne ambazo hazina hatua. Ni za kila siku, mwaka wa kwanza na wa kumi.

Kwanza, kata tonge dogo na utafune mpaka liwe kama uji mdomoni. Mimi hutumia kijiko cha chai.

Pili, mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge.

Tatu, usinywe ukiwa unakula. Maji yangoje kama nusu saa baada ya chakula. Lakini kati ya mlo na mlo kunywa kidogo kidogo kutwa nzima, ufikishe angalau lita moja na nusu. Joto letu la pwani halisamehi.

Nne, ukishiba, acha. Kushiba kwa sasa hakuji kama zamani. Kwangu huja kama kubanwa kidogo chini ya kifua, wakati mwingine pua huanza kutoka majimaji au napiga chafya. Tonge moja baada ya dalili hiyo ndilo hutapisha.

Vyakula vinavyokubali na vinavyokataa

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Nilidhani vyakula vizito vya mafuta ndivyo vitakavyonishinda. Nilishindwa na mkate.

Mkate laini, chapati, mahamri na wali uliolowa hugeuka donge tumboni. Mfuko mwembamba hauwezi kulisukuma donge hilo haraka. Nyama ya ng'ombe nayo ina nyuzi. Usipoitafuna sawasawa hukaa pale pale, ukahisi kama umemeza kokwa ya embe. Mboga zenye nyuzi ngumu ni vivyo hivyo. Samaki, mayai, mtindi na maharagwe yaliyoiva vizuri hupita kwa urahisi zaidi.

Siyo mimi peke yangu. Mwaka 2007 daktari wa upasuaji huko Uswisi, Michel Suter, na wenzake walichapisha orodha fupi ya maswali ya kupima jinsi mtu anavyokula baada ya upasuaji huu. Mgonjwa huulizwa kama ameridhika na anavyokula, kama anaweza kula nyama nyekundu, nyama nyeupe, saladi, mboga, mkate, wali, tambi na samaki, na hutapika mara ngapi. Alama za juu kabisa ni 27. Maswali hayo yametumika katika nchi nyingi, na nyama nyekundu hujirudia sana kwenye orodha ya vyakula vinavyosumbua. Kwa watu wengi hali huwa nzuri zaidi kadiri miezi inavyokwenda.

Nawaambia hivyo ili mtu asikate tamaa. Chakula kilichokukataa mwezi wa tatu kinaweza kukukubali mwezi wa tisa. Mimi kuku alinikataa miezi minne. Sasa nakula paja, likiwa la mchuzi, si la kukaanga likakauka. Nyama ya ng'ombe naila ikiwa ya kusaga. Mahamri nakula nusu, na mbaazi zake natangulia kuzila. Sima nakula kiasi cha yai la kuku, laini, tena mwisho, baada ya samaki na mboga.

Mpangilio huo ni muhimu. Mwili unahitaji protini kwanza, kwa kawaida kiasi cha gramu 60 hadi 80 kwa siku, ili unapopungua upoteze mafuta, usipoteze misuli. Yai moja lina kama gramu 6. Gilasi ya maziwa au mtindi ina kama 8. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Nusu kikombe cha maharagwe kina kama 7. Fanyeni hesabu: mayai mawili, gilasi mbili za maziwa, kipande kimoja cha samaki na nusu kikombe cha maharagwe, umefika 55. Umebaki kidogo tu. Lakini huwezi kuvila kwa mara moja. Unavigawa mara tano au sita kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Kosa langu

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo si rahisi kwangu kuisema.

Wiki ya tano baada ya upasuaji kulikuwa na harusi ya ndugu yetu. Nikaenda. Nilikuwa nimeshapungua kilo kadhaa, watu wakanisifu, nikaona haya kukaa na kikombe cha supu kama mgonjwa. Nikala pilau na nyama, haraka haraka, nikishushia maji. Nilitapika nyuma ya hema kabla ya bibi harusi kutoka.

Baada ya hapo kila nilichokula kilirudi. Nikawa nahofia chakula. Vidonge vya vitamini nilivyopewa nikaviacha, kwa sababu navyo nilivitapika. Ofisini nilisema niko sawa. Nyumbani nilifungulia bomba la bafuni ili mama asinisikie. Hospitali ilinipigia simu kunikumbusha kliniki, nikasema niko safarini. Kwa nini? Kwa sababu mizani ilikuwa inashuka. Nilijiambia, si ndicho nilichokitaka? Nikatapika hivyo wiki tatu.

Mwishoni mwa wiki ya tatu miguu ikaanza kufa ganzi. Kwanza vidole, halafu nyayo. Nikawa natembea kama mtu aliye kwenye mashua, nikishika meza na ukuta. Asubuhi moja nikaanguka ngazini ofisini, na nilipoinuliwa nilikuwa naona watu wawili wawili.

Nyumbani walisema ni upepo mbaya. Mwingine akasema ni kiharusi. Kuna jirani mwema aliyekwisha koroga glukosi kwenye jagi anipe nipate nguvu. Mama ndiye aliyekataa. Akasema tunakwenda hospitali sasa hivi. Na kumbe alikuwa anajua. Tulipofika, kabla sijafungua kinywa, alimwambia muuguzi: "Huyu alikatwa tumbo miezi miwili iliyopita, na ametapika kila siku kwa wiki tatu. Anafungulia bomba, anadhani sisikii."

Maneno hayo ya mama ndiyo yaliyoniokoa. Muuguzi alimwita daktari mara moja, naye akaniandikia vitamini B1, ambayo pia huitwa thiamini, kwa njia ya mshipa, kabla ya kuniwekea dripu yoyote yenye sukari. Baadaye nilielezwa sababu. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hii. Mtu anayetapika mfululizo anaweza kuimaliza kwa wiki chache. Mishipa ya fahamu huanza kuumia, na ubongo pia. Na mwili hutumia B1 kuichoma sukari, kwa hiyo ukimjaza sukari mtu aliyeishiwa, unamalizia kile kidogo kilichobaki. Lile jagi la jirani, kwa nia njema kabisa, lingenizidishia hatari.

Walinipitisha kamera tumboni kuangalia kama mfuko umebana. Haukuwa umebana. Tatizo lilikuwa namna ya kula, na kunyamaza. Macho yalitulia kwa siku chache. Kutembea vizuri kulichukua miezi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo vina ganzi. Nikivaa kiatu hiki cha kufunika sivihisi.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nikiandika taarifa za afya za kaunti hii kila wiki, nikiwahimiza nyinyi mwende hospitali mapema, na huku nafungulia bomba.

Sasa mnajua kwa nini yule mgeni aliyeshika meza ofisini kwangu alinitia hofu. Sikumhoji sana. Tulikwenda naye hospitali siku ile ile.

Sahani ya mama

Nilipotoka hospitali, tatizo lililobaki lilikuwa mezani kwetu. Mnajua huku kwetu chakula si chakula tu. Mgeni akiacha sahani, mwenyeji hulala na mawazo. Mama alipika vile vile alivyozoea, akanipakulia vile vile, na mimi nikaacha robo tatu. Siku moja akasema, "Mwanangu, mtoto wa mwaka mmoja anakula kuliko wewe. Sema tu kama mkono wangu umeharibika."

Nikamwambia, "Mama, mkono haujaharibika. Tumbo ndilo limepungua."

Hakujibu. Siku ya pili nilimchukua tukaenda pamoja kwa afisa wa lishe. Yule afisa alichukua kikombe kidogo cha kahawa, cha shaba, kile kisicho na mkono, akakiweka mezani. Akamwambia, "Mama, tumbo la mwanao kwa sasa linabeba kama hiki. Ukimpakulia vikombe vitatu, unamtapisha." Mama alikitazama kikombe kile muda mrefu. Njiani akaniambia, "Nilidhani unanikataa mimi."

Tangu siku hiyo ananipakulia kwenye kisahani cha chai. Nikimaliza kisahani, nimemaliza sahani, na yeye ameridhika. Kwenye hafla husimama karibu nami, na mtu akisema "ongeza, dada, ongeza," yeye hujibu, "Ameshiba huyo. Muulize habari zake." Ndugu zangu, kama kwenu kuna mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, msaada mkubwa mnaoweza kumpa ni huo: kisahani kidogo, na kuacha kumhesabia matonge.

Vinavyopita kwa urahisi mno

Kuna upande mwingine ambao watu hawausemi. Baadhi ya vyakula havikatai hata kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo. Soda, chai ya sukari nyingi, aisikrimu, biskuti zilizochovywa, krispi za muhogo za kudonoa kutwa. Hivi huteleza tu. Mtu akishindwa na samaki kwa sababu hana subira ya kutafuna, akahamia kwenye biskuti na chai, uzito hurudi. Upasuaji hupunguza mfuko, hauondoi mazoea.

Halafu sukari nyingi ina adhabu yake, hasa kwa wale wa njia ya mkato. Inaposhuka ghafla kwenye utumbo mwembamba, ndani ya nusu saa hivi mtu huweza kutoka jasho, moyo ukadunda, tumbo likasokota, akaharisha, akatamani kulala chini. Wengine huona dalili baadaye, saa moja hadi tatu baada ya kula, sukari ya damu inaposhuka kupita kiasi: kutetemeka, kizunguzungu, njaa ya ghafla. Dawa yake kubwa ni kupunguza vitu vitamu na kuanza na protini.

Pombe nayo, iwe bia au mnazi, hupanda kichwani haraka zaidi kuliko zamani na hukaa. Glasi moja si ile glasi moja uliyoizoea. Usiendeshe pikipiki ukijidanganya. Na wapo waliobadilisha chakula kwa chupa, wakajikuta wana ugonjwa mwingine.

Dawa za maumivu mnazonunua dukani, kama ibuprofen na diclofenac, zinaweza kuleta vidonda kwenye tumbo lililofanyiwa upasuaji, hasa la njia ya mkato. Mwambie mwuza dawa umefanyiwa nini kabla hajakupa kitu.

Vidonge havina likizo

Kwa kuwa unakula kidogo, na kwa wengine chakula hupita njia fupi, vitamini na madini vinakuwa pungufu hata ukila vizuri. Kwa hiyo vidonge ni vya maisha: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, kalsiamu, na madini ya chuma, hasa kwa sisi wanawake tunaopata hedhi. Chuma na kalsiamu visimezwe pamoja, viachane kama saa mbili. Na chai isifuatane na chuma, kwani huzuia kisiingie mwilini. Kwa Mpwani kuacha chai ya baada ya mlo ni mtihani, lakini inasogezwa tu mbele, haifutwi.

Nywele kukatika kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokea kwa wengi, na kwa kawaida huota tena, mradi protini na vidonge vinaingia. Damu ipimwe kwa ratiba uliyopewa, na baada ya mwaka wa kwanza angalau mara moja kila mwaka. Dada zangu mnaotarajia kupata mtoto, mnashauriwa msubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji, na mpange uzazi na daktari, kwa sababu uzito unaposhuka uwezo wa kushika mimba huweza kuongezeka ghafla.

Na kwa ndugu zetu wanaofunga Ramadhani: mwaka wa kwanza lita moja na nusu za maji kwa mafundo madogo haziingii kirahisi kati ya magharibi na alfajiri. Ongea na daktari wako na shehe wako mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Ombi langu kwenu

Wahudumu wa afya ya jamii, nyinyi ndio mnaoingia majumbani. Mkikutana na mtu aliyefanyiwa upasuaji huu, muulizeni maswali matatu. Unatapika? Unameza vidonge? Kliniki ya mwisho ulikwenda lini? Akisema anatapika zaidi ya siku moja au mbili, au hawezi kushika hata maji, hiyo ni rufaa ya siku hiyo hiyo. Akiwa na ganzi miguuni, akiyumba, akiona viwili viwili, au akichanganyikiwa maneno, ni dharura. Mpelekeni, na hapo mlangoni semeni maneno ambayo mama yangu aliyasema: amefanyiwa upasuaji gani, lini, na ametapika siku ngapi. Ulizeni kuhusu vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Nyinyi mnaofikiria kwenda, msiulize bei ya upasuaji peke yake. Ulizeni na bei ya vidonge kwa mwaka, ya vipimo vya damu, na nauli ya kliniki. Ulizeni nani atakayepokea simu usiku mkitapika. Mahali wasipokuwa na jibu la swali hilo, ondokeni. Na kabla ya yote pitieni kwa afisa wa lishe katika hospitali iliyo karibu nanyi. Wapo ambao watasaidika bila kisu.

Na nyinyi wawili au watatu mliomo humu ukumbini ambao mmeshafanyiwa na hamjamwambia mtu, siwatazami. Nitakuwa nje chini ya mwembe baada ya mkutano, na mama yangu amekuja nami. Amebeba chupa ya supu ya samaki na vikombe vya kahawa. Njooni tunywe kidogo kidogo, tuongee.